Umbali Unaomlinda Kijana: Maigizo na Filamu katika Warsha za Mtwara

Karibu kila ninapoalikwa kuendesha warsha ya maigizo au ya filamu kwa vijana wa Mtwara wanaoishi katika mazingira hatarishi, mwenyeji wangu huwa na ombi moja: vijana wasimulie yaliyowapata, kwa midomo yao wenyewe, mbele ya watu. Ombi hilo mimi hulikataa. Binti aliyetumikishwa bila ujira, au kijana aliyevuka Mto Ruvuma akikimbia mapigano yaliyoanza Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, mwezi Oktoba 2017, amekwisha kuhojiwa na maofisa wengi kabla hajafika kwangu, na jukwaa likigeuka kuwa mahali pengine pa kuhojiwa, halimpi nguvu yoyote.

Ninachofanya ni kuweka umbali kati ya kijana na hadithi yake. Washiriki huleta visa vya mtu fulani bila kueleza iwapo mtu huyo ni wao, visa hivyo huchanganywa hadi kupata hadithi moja, mhusika mkuu hupewa jina ambalo hakuna mshiriki analo, na uigizaji wa nafasi hiyo hupokezanwa. Wamakonde wanaijua kanuni hii vizuri kuliko miongozo yetu ya uwezeshaji. Mcheza mapiko, ngoma yao ya vinyago, huvaa kinyago cha mti kichwani na kufunikwa nguo mwili mzima ili asitambulike, na ndiyo maana kinyago kimeweza kumkejeli hata ofisa wa kikoloni. Hata hivyo, mapiko yenyewe siyaingizi katika warsha, kwa kuwa yana wenyewe na yamefungamana na jando. Sisi hutengeneza vinyago vya maboksi. Mgeni anayetamani kuyatumia mapiko katika mafunzo ya siku chache awaombe wazee kwanza, naye awe tayari kukataliwa.

Mbinu ninayoitegemea zaidi ni ya Augusto Boal, mwanatamthilia wa Brazili aliyefariki mwaka 2009: mtazamaji huruhusiwa kuingia jukwaani na kubadilisha igizo. Mwaka 1973, alipokuwa katika mpango wa kisomo nchini Peru, waigizaji wake walijaribu kuigiza ushauri wa mwanamke mmoja aliyekuwa miongoni mwa watazamaji, wakashindwa kumridhisha, hadi mwanamke huyo alipopanda jukwaani kuonyesha alichokusudia. Hapa kwetu, wasomi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, waliendesha sanaa za maonyesho kwa maendeleo vijijini tangu miaka ya 1980, wakianzia kwenye ngoma na masimulizi ya wenyeji, na kwa maoni yangu mchango wao unastahili kusomwa sambamba na wa Boal, si baada yake.

Ili kuona mbinu ya Boal inavyofanya kazi, chukua mfano wa igizo la binti aliyetolewa kijijini Tandahimba kuja kufanya kazi za ndani Shangani, mjini Mtwara, ambaye mshahara wake hupokewa na shangazi yake. Igizo huchezwa mara ya kwanza hadi mwisho wake mbaya, kisha hurudiwa, na mtazamaji yeyote anaruhusiwa kusema "Simama!" na kuchukua nafasi ya binti. Wa kwanza kupanda kwa kawaida humfanya binti atoroke, na mwigizaji wa nafasi ya tajiri humuuliza tu atalala wapi usiku huo. Mwingine huenda kwa mjumbe wa mtaa, akakuta mjumbe na tajiri ni marafiki wa siku nyingi. Mtu akijaribu kumtafuta kwanza jirani wa kusimama naye, kisha wakaenda pamoja kwa afisa ustawi wa jamii, ukumbi hubadilika, kwa sababu vijana huona kwamba kilichokosekana hakikuwa ujasiri wa binti bali mtu wa pili. Mwezeshaji hapaswi kuwatajia jibu hilo. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba tajiri wa jukwaani hakubali kushindwa kwa urahisi, maana suluhisho lililopatikana kirahisi humdanganya anayerudi kwa tajiri halisi kesho yake.

Vijana wa tamaduni mbalimbali wanapokutana, mfano Wamakonde wa Newala na wenzao wa ng'ambo ya mto waliosoma kwa Kireno, huanza na sanamu: kila kundi huonyesha hali fulani kwa miili tu, bila maneno. Lakini mwili nao una adabu zake. Mazoezi mengi ya kigeni huwataka washiriki washikane, wakodoleane macho au watembee wamefumba macho wakiongozwa na mwingine. Kwa waliopitia jando na unyago, kushikana kwa wavulana na wasichana hadharani kunaweza kuivunja warsha asubuhi ya kwanza, na aliyewahi kukimbia usiku kuokoa maisha yake hana sababu ya kufumba macho kwa amri yangu.

Filamu inadai uangalifu zaidi, kwa kuwa igizo huisha watu wakitawanyika, ilhali picha hubaki na kusambazwa. Mfano bora wa zamani ni wa Kisiwa cha Fogo nchini Kanada, ambako mwaka 1967 Colin Low wa Bodi ya Taifa ya Filamu alirekodi filamu fupi za wavuvi waliokuwa katika hatari ya kuhamishwa. Wanakisiwa walizitazama na kuziridhia wao kwanza, ndipo zikaonyeshwa kwa viongozi wa serikali. Mtwara na Lindi nako, miaka ya 1990, mradi wa maendeleo vijijini wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland, uliitumia video pamoja na wavuvi katika mjadala wa uvuvi wa baruti.

Kwa hiyo mimi huiomba ridhaa mara mbili, kabla ya kurekodi na baada ya kuhariri, na aliye chini ya miaka 18, ambaye kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ni mtoto, haonyeshwi uso hata mlezi wake akikubali. Kibali cha Bodi ya Filamu Tanzania hushughulikiwa mapema. Mfadhili anayedai uso wa kuweka kwenye ripoti yake hupewa sauti ya msimulizi juu ya picha za mikono ikibangua korosho, na akisisitiza, hujibiwa na vijana wenyewe, ambao nakala ya kwanza ya filamu hubaki kwao.