Ukiambiwa "hii almasi ni karati moja", uliza na milimita zake

Watu wengi wakiingia kwa sonara swali la kwanza ni karati ngapi, wakijibiwa "moja" roho inatulia wanatoa hela. Jamani, karati ni uzito, haikwambii jiwe litaonekana kubwa kiasi gani kidoleni. Karati 1 ni gramu 0.2, na inagawanywa pointi 100, kwahiyo muuzaji akisema "hii ni pointi hamsini" ujue ni nusu karati. Ile karati ya dhahabu, 18 au 22, ni habari nyingine kabisa, ile inapima usafi.

Sasa shika hii: almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina upana wa kama milimita 6.5. Ya karati 2 je? Wengi wanadhani upana utakuwa mara mbili, hapana, ni kama 8.2 tu, maana jiwe linakua kwenda chini pia sio pembeni peke yake.

Na hapa ndo wateja wanaumia. Kukata almasi kunakula uzito sana. Ile almasi ya pinki ya Mwadui kule Shinyanga, iliyopatikana 1947, mwenye mgodi John Williamson akampa Princess Elizabeth (baadaye Malkia wa Uingereza) zawadi ya harusi, ilitoka mgodini na karati 54.5, baada ya kukatwa ikabaki 23.6. Halafu bei ya kila karati inaruka jiwe likifika namba nzima, kwahiyo mkataji anashawishika kuacha tumbo nene ili mzani usome 1.00, wakati ukiliangalia kwa juu lina milimita 6.1 tu kama la pointi 85, na mwanga unavujia chini kwahiyo haling'ai inavyotakiwa. Unalipia uzito ambao umejificha ndani ya pete hakuna atakayeuona! Mimi ningechukua la pointi 95 lililokatwa vizuri, upana linapishana na la karati 1 kwa kama milimita 0.1, jicho halioni, ila mfukoni utaona.

Pete yenye mawe mengi uliza uzito wa jiwe la katikati peke yake, maana mara nyingi karati inayoandikwa kwenye lebo ni jumla ya mawe yote pamoja na vile vidogo vya pembeni.

Na mzani tu hauthibitishi kwamba ni almasi. Zirkonia, lile jiwe la kutengenezwa linalofanana na almasi, ya upana uleule wa 6.5 inazidi karati moja na nusu kwasababu ni nzito kuliko almasi, so uzito na milimita visipoendana uliza maswali. Kama unaweza, pima jiwe kabla halijafungwa kwenye pete, likishafungwa hata sisi wapimaji tunakadiria tu kwa vipimo, na cheti chake kionyeshe vyote viwili, karati mpaka desimali mbili na milimita za upana na kina.