Sinia la Usiku: Mlo wa Zamani kwa Jicho la Lishe

Mtu aliyekulia Magomeni, Ilala au Temeke, jijini Dar es Salaam, katika miaka ya 1970 na 1980 hahitaji kuelezwa habari ya sinia. Baada ya magharibi mkeka ulitandikwa uani, maji ya kunawa yakazungushwa, kisha ukaletwa ugali pamoja na bakuli la mchicha wa nazi na jingine la maharage au dagaa, wala hakuna aliyethubutu kula kabla mkubwa hajamega tonge la kwanza.

Ubora wa mlo ule haukutokana na utajiri. Nyama ilikuwa adimu na mafuta yalinunuliwa kwa kipimo, hivyo kunde, mboga za majani na samaki wadogo vikawa ndiyo kitoweo cha kila siku. Dagaa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, yenye madini mengi ya kalsiamu. Tui nalo, mbali na kuukoleza mchicha, huleta mafuta ambayo mwili huyahitaji ili kufyonza vitamini A. Hata ule unga wa njano, ambao watu waliubandika jina la "yanga" na kuula kwa kununa, ulikuwa na karotini, rangi ya mimea ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na ambayo mahindi meupe karibu hayana kabisa. Tuliudharau kwa rangi yake, kumbe faida ilikuwa katika rangi hiyohiyo.

Sembe nyeupe ya leo imekobolewa, na pumba na kiini vinapoondoka huondoka na nyuzinyuzi, vitamini za kundi B, chuma na zinki. Ndiyo maana tunashauri dona, ila kwa tahadhari ambayo wasifiaji wa vyakula vya asili huisahau: mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota fangasi wanaozalisha sumukuvu, na sehemu kubwa ya sumu hiyo hukaa kwenye pumba na kiini, ambavyo dona huvibakiza. Ondoeni punje zilizooza kabla ya kwenda mashineni, tena sageni kidogo kidogo, kwa kuwa mafuta ya kiini huufanya unga uliokaa sana kuwa mchungu.

Tunaelewa kwamba anayefika Mbagala saa tatu usiku, baada ya foleni ya barabarani, huona chipsi mayai ni nafuu kuliko kuwasha jiko. Huyu maharage yaliyochemshwa siku ya mapumziko yatamfaa zaidi kuliko lawama, na mchicha hauchukui dakika kumi.

Jambo moja la sinia lisirudi. Finyango kubwa zilikwenda kwa baba, huku mama, pengine akiwa mjamzito na mwenye uhitaji mkubwa wa chuma, akibaki na mchuzi. Na mtoto wa miaka miwili hakuweza kushindana na mikono ya kaka zake. Mtoto huyo apakuliwe katika kibakuli chake, ili mlezi aone kwa macho yake amekula kiasi gani na amebakiza nini.