Kadi ya ada au kadi ya keshibeki? Kwanza hesabu kinachopita kwenye mashine

Mwezi Juni, wakati watu wako mashambani wanapulizia salfa kwenye mikorosho, mzee mmoja mwenye duka la vipuri vya pikipiki mtaa wa Mkanaredi aliingia ofisini kwetu hapa Mtwara mjini. Kwapani ana daftari la kaunta, mkononi vipeperushi viwili vya benki. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Mwanangu, hii inataka laki nne kwa mwaka. Hii haitaki kitu, tena inanirudishia fedha. Ila kijana aliyeniletea anasema hiyo ya laki nne ndiyo ya wakubwa. Nisaidie."

Swali lake nimelisikia tena mara kadhaa tangu siku ile, kwa watu wa bandarini, wa gesi, hata kwa mwalimu mmoja kutoka Lindi. Ndiyo maana naliandika.

Kipeperushi cha laki nne kilikuwa cha kadi ya chaji. Unanunua mwezi mzima, ankara inakuja, unalipa deni lote kwa mkupuo. Hakuna kulipa kidogo kidogo. Ukichelewa unapigwa faini, ukizidi kadi inafungwa. Mtindo huu ulianzia New York mwaka 1950, Diners Club ilipotoa kadi za kulia kwenye migahawa na kulipa mwisho wa mwezi. Kwa kuwa deni halilali, kampuni haili riba kwako. Inakula ada ya mwaka, na makato kwa mwenye duka.

Cha pili kilikuwa cha kadi ya mkopo yenye keshibeki, yaani sehemu ndogo ya ulichonunua inarudi kwako. Hii inakuruhusu kulipa kiasi cha chini na kubakiza deni, na kinachobaki kinatozwa riba. Keshibeki ilipata nguvu Marekani kupitia kadi ya Discover mwaka 1986. Nimeogopa kuiita "marejesho", kwa sababu kwa wanavikoba wetu rejesho ni fedha unayoitoa wewe kila wiki, na mtu angesaini akidhani ni kinyume chake.

Fedha hiyo inayorudi haitoki mbinguni. Kila ukipitisha kadi, mwenye duka anakatwa asilimia fulani, na kipande cha makato hayo ndicho unachorudishiwa. Umoja wa Ulaya ulipoweka ukomo mwaka 2015, kwamba benki iliyotoa kadi ya mkopo isichukue zaidi ya asilimia 0.3 kwenye manunuzi ya mteja wa kawaida, zawadi za kadi kule zikakonda. Marekani hakuna ukomo kama huo kwa kadi za mkopo, ndiyo maana wenzetu wanajisifu mitandaoni kwa asilimia mbili, tatu, hadi sita. Hesabu zao ni za kwao. Usizibebe nzimanzima hadi Mikindani.

Basi tukafungua daftari. Mzee hutoa kama milioni 4 kwa mwezi, duka na nyumba pamoja. Kipeperushi cha kadi ya chaji kiliahidi pointi zenye thamani ya asilimia 2, na yeye alishazidisha nyumbani: milioni 48 kwa mwaka, pointi za 960,000. Ukitoa laki nne ya ada, faida nono.

Nikamwomba kalamu. Mshahara wa vijana wa dukani, je, unaulipa kwa kadi? Hapana, taslimu. Tukakata mstari. Samaki wa Feri? Taslimu. Bodaboda, mkaa, unga? Lipa namba. Ada ya shule ya wajukuu? Kontrol namba, kwa simu. Vibarua wa palizi huko Tandahimba? Akacheka tu. Salfa anaichukua kwenye AMCOS, chama chao cha ushirika cha wakulima. Mstari baada ya mstari, ukurasa ukajaa wino.

Kilichobaki ambacho kingeweza kupita kwenye kadi kilikuwa dizeli ya gari lake kwenye kituo kimoja chenye mashine, tikiti za ndege za Dar es Salaam, intaneti, na vipuri anavyoagiza Dubai. Jumla 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, na sisi wataalamu tumechangia, maana mifano yetu mingi inaanza na "matumizi yako ya mwezi" kana kwamba Mtwara nzima ina mashine za kadi. Kadi haijui ulichotumia sokoni.

Kwa 14,400,000, asilimia 2 ya kadi ya chaji ni 288,000. Toa ada ya 400,000, mzee anapungukiwa 112,000. Kadi ya keshibeki ya asilimia 1 inampa 144,000 bila ada. Ili ya chaji iifikie tu hiyo ya bure, ile asilimia moja ya ziada lazima izae laki nne nzima. Hiyo inataka milioni 40 kwa mwaka zipite kwenye kadi, zaidi kidogo ya milioni 3.3 kila mwezi. Wapo wenye matumizi hayo hapa mjini. Mzee si mmoja wao.

Tungeishia hapo angeondoka na jibu jepesi, lakini lisilo sahihi. Nyuma ya kipeperushi cha keshibeki kulikuwa na maandishi madogo kama chungu: manunuzi ya fedha za kigeni yana makato ya nyongeza, kiasi hakikutajwa. Cha kadi ya chaji kilisema hakitozi. Marekani pia ndivyo ilivyo mara nyingi: kadi nyingi za ada kubwa zimeondoa tozo hiyo, na nyingi za bure hukata kama asilimia 3. Vipuri vya Dubai ni milioni 9 kwa mwaka. Tuchukue hiyo asilimia 3: ni 270,000. Keshibeki yote ya mwaka, 144,000, inamezwa na bado anapungukiwa 126,000. Ghafla kadi ya ada inashinda kwa 14,000.

"Kumbe zote zinanila," akasema. Nikamwambia ndiyo, baba, moja inakula mbele ya macho na nyingine gizani.

Tukaja kwenye huduma za ziada, maana kijana wa benki alizisifia sana. Kule Marekani, kadi ya Platinum ya American Express ilipandisha ada kutoka dola 550 hadi 695 mwaka 2021, kisha 895 mwaka 2025, na kila inapopanda inaongezewa vocha. Moja ya vocha zake ni ya Uber, na inatumika Marekani tu. Huduma ihesabu kwa bei ambayo ungekubali kuilipa mwenyewe, taslimu, kama kadi isingekuwepo. Mimi niliwahi kulipia kadi ya ada kwa ajili ya ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege. Mwaka mzima niliingia mara moja, nikala sambusa mbili. Sijala sambusa ghali kama zile tena.

Na kama ada imeandikwa kwa dola, angalia mara mbili. Mwaka 2022 dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, katikati ya 2024 ikapita 2,600. Ada haikupanda, lakini mfuko wako ulitoa zaidi.

Jambo lililonipa wasiwasi zaidi kwa mzee ni msimu. Sehemu kubwa ya fedha yake huingia kati ya Oktoba na Januari, minada ya korosho ikishafanyika, na kati ya mnada na malipo kuingia benki kuna siku za kusubiri. Kadi ya chaji haijui mnada. Ankara ya Julai inalipwa yote, duka liwe limeuza au halijauza. Kadi ya mkopo itamvumilia, ila uvumilivu wake una bei. Kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, deni la 1,200,000 likilala mwezi mmoja linazaa 36,000, wakati keshibeki ya mwezi huo ni 12,000. Likilala kuanzia Juni hadi Novemba linapita 180,000. Tena kwa kawaida ukishabakiza deni, hata manunuzi mapya yanaanza kuhesabiwa riba tangu siku ya kwanza. Kutoa taslimu ATM kwa kadi hiyo ndiyo mbaya kuliko yote: ada ya kutolea, riba papo hapo, na keshibeki hakuna.

Kwa hiyo mwenye mshahara wa kila mwezi namwambia alinganishe kadi hizi mbili bila hofu. Anayeishi kwa korosho, ufuta au mbaazi pekee, mimi namshauri aziache zote, na pembejeo akakopee kwenye AMCOS au SACCOS yake, ambako rejesho linapangwa kufuata mavuno.

Ukishachukua kadi na ukakuta makato usiyoelezwa, lalamika kwanza benki kwako, kwa maandishi, ubaki na nakala. Usiporidhika, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa benki, na ina tawi hapahapa Mtwara.

Mzee aligeuza vipeperushi vyote viwili, akaandika nyuma kwa kalamu nyekundu: "Nikinunua Dubai mnakata asilimia ngapi? Nijibuni kwa barua." Wiki mbili baadaye akapita tena. Benki ya keshibeki ilimjibu: asilimia 3.5. Ile ya laki nne ilimpigia simu kumwambia ofa inakaribia kwisha, barua haikuleta. Vipuri vya mwezi ule alimwagiza mdogo wake aliyeko Kariakoo amnunulie.