Kamati ya shule: kazi yake ni ipi, na ufaulu wa shule ya kijijini usomweje

Kamati ya shule ni chombo cha wananchi kinachosimamia shule ya msingi ya serikali. Msingi wake hapa Tanzania ni Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978, na kila shule ya msingi inatakiwa kuwa nayo. Ndani yake wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, wawakilishi wa walimu na wa serikali ya kijiji. Mwenyekiti hatoki kwa walimu. Mwalimu mkuu ndiye katibu, maana yake anaandaa ajenda, anaandika muhtasari na kuleta taarifa, lakini kikao si chake. Sekondari hazina kamati, zina bodi, na bodi nitaiacha kwa siku nyingine.

Ukikaa na wazazi wa vijijini huku Kasulu au Kibondo, mkoani Kigoma, ukawauliza kamati inafanya nini, jibu la haraka litakuwa: inachangisha. Debe la mahindi la chakula cha watoto, tofali za darasa, fedha ya mlinzi. Jibu hilo lina ukweli wake, ila limeacha nje sehemu kubwa ya kazi. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule tuliouita MMEM, ulipoanza mwaka 2002, kamati ndiyo iliyokabidhiwa kupanga maendeleo ya shule, kupitisha matumizi ya fedha na kufuatilia kama watoto wanasoma. Kuchangisha kulipaswa kuwa kipande kidogo tu cha hayo.

Ni vizuri pia kujua kamati haina nini, maana lawama nyingi hupelekwa mlango usio wake. Kamati haiajiri mwalimu wala haimfukuzi. Mwalimu ni mtumishi wa umma, mshahara wake unatoka Hazina, na nidhamu yake iko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu. Mtaala unaandaliwa na Taasisi ya Elimu, mtihani ni wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, sera na uthibiti ubora viko Wizara ya Elimu. Uendeshaji wa shule wenyewe uko TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na unashuka kwa mkoa, halmashauri, kata hadi kijijini. Mkoa wa Kigoma una halmashauri nane, na kila moja ina mkurugenzi na afisa elimu wanaogawa walimu walioletwa. Katani yupo Afisa Elimu Kata, ambaye wazee wengi bado wanamwita mratibu.

Kuna nchi zinazofanya tofauti kabisa. Marekani, eneo dogo la vijijini linaweza kuwa na mamlaka yake ya shule yenye bodi inayochaguliwa kwa kura, inayoajiri walimu, na mara nyingi inategemea kodi ya majengo ya pale pale. Kwetu fedha na walimu vinatoka juu, na kijiji kimebakiwa na jicho. Kwa hiyo shule yenye walimu wanne kwa madarasa saba haitatatuliwa na kamati hata ikikesha. Ikama, yaani idadi ya walimu inayotakiwa, kwa shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kamati inachoweza ni kuandika barua yenye idadi kamili ya watoto na walimu, ipite kwa Afisa Elimu Kata, na nakala apewe diwani. Barua yenye takwimu ni ngumu kuiweka pembeni. Malalamiko ya mdomo yanaishia pale pale yaliposemwa.

Sasa fedha, na hapa ndipo naomba mzazi atulie na kalamu. Elimu bila ada ilianza Januari 2016, kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka. Kati ya hizo 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Shule yenye watoto 1,200 pale mjini Kasulu itapata shilingi 7,200,000 kwa mwaka, yaani 600,000 kwa mwezi. Shule yenye watoto 210 kule pembezoni itapata 1,260,000, ambayo ni 105,000 kwa mwezi. Hapo ndipo zinatoka chaki, karatasi za mitihani ya ndani, kitasa cha ofisi, mpira wa michezo, na nauli ya mwalimu mkuu anapopeleka taarifa halmashauri. Shule ndogo haina mahitaji madogo kwa kiasi hicho. Ina madarasa saba kama ile kubwa, ratiba ile ile, ripoti zile zile. Na safari ya kutoka Kalya, kusini kabisa mwa Wilaya ya Uvinza kando ya Ziwa Tanganyika, si ya bodaboda ya dakika kumi. Kwa maoni yangu, kugawa ruzuku kwa vichwa peke yake kunaziumiza shule za namna hii, na ni jambo ambalo madiwani wetu wangepaswa kulisema kila mwaka.

Posho ya madaraka ya mwalimu mkuu, shilingi 200,000 kwa mwezi, haitoki kwenye ruzuku. Ni stahili yake kwa kazi ya kuongoza, inalipwa kivyake. Nalisema kwa sababu vijijini watu huzichanganya fedha hizi mbili, halafu mwalimu anatazamwa kama anakula hela ya watoto.

Kazi ya kamati kwenye ruzuku ni nyepesi kueleza na nzito kuitenda. Kila fedha inapoingia, katibu aeleze imeingia kiasi gani, kwa watoto wangapi, na imepangwa kununua nini. Idadi ya watoto ndiyo ufunguo. Mjumbe akijua shule ina watoto 210, anaweza kuzidisha mwenyewe kwa 6,000 na kulinganisha na kilichotajwa. Kisha taarifa ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, nje, mahali ambapo mama aliyeleta mtoto anaweza kuisoma bila kuomba ruhusa ya kuingia ofisini.

Kuhusu michango, Januari 2018 Rais John Magufuli alipiga marufuku walimu kuchangisha wazazi shuleni. Tangu hapo mchango wa hiari unapaswa kuamuliwa na wananchi wenyewe na kusimamiwa na uongozi wao, mwalimu asishike fedha, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa. Mtoto anayefukuzwa darasani kwa ajili ya debe la mahindi anaonewa, na kamati iliyokaa kimya imeshiriki kumwonea.

Tuje kwenye ufaulu. Kila mwaka NECTA ikitoa matokeo ya darasa la saba, ujumbe unazunguka kwenye simu: shule fulani asilimia 95, nyingine asilimia 60. Wazazi wanafurahi au wanakasirika kwa namba moja. Namba hiyo inahitaji kufunguliwa.

Kwanza, kufaulu ni nini? Masomo ni sita, kila moja alama 50, jumla 300. Daraja C linaanzia alama 121. Mtoto aliyepata 121 na aliyepata 260 wote wanahesabiwa wamefaulu, na asilimia haitakuonyesha tofauti yao. Lakini ukifungua matokeo ya shule kwenye tovuti ya NECTA utakuta wastani wa shule, na jedwali la A, B, C, D na E kwa wasichana na wavulana. Shule inayofaulisha wote kwa C tupu inapeleka sekondari watoto ambao watakutana na masomo kwa Kiingereza wakiwa na msingi mwembamba.

Pili, udogo wa shule. Watahiniwa wakiwa 19, mtoto mmoja ni zaidi ya asilimia tano. Watoto wawili wakiugua malaria wiki ya mtihani, shule "imeshuka" kwa zaidi ya asilimia kumi, na mwalimu mkuu anaitwa kujieleza. Shule ndogo itazamwe kwa miaka mitatu au minne kwa pamoja.

Tatu, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote, ni mdondoko, yaani watoto kuacha shule njiani. Tuchukue shule mbili za mfano. Zote ziliandikisha watoto 46 darasa la kwanza mwaka 2018. Mwaka 2024 shule ya kwanza ilikuwa na watahiniwa 19, wakafaulu 17: asilimia 89. Ya pili ilikuwa na watahiniwa 40, wakafaulu 30: asilimia 75. Kijijini watasifu ya kwanza. Lakini katika wale 46 walioanza, ya kwanza imefikisha 17 na ya pili imefikisha 30. Watoto 27 wa shule ya kwanza wako wapi? Wapo waliohama na wazazi, hilo ni halali na uhamisho una karatasi zake. Wapo waliokariri darasa. Na wapo ambao majina yao yalififia kwenye rejista siku baada ya siku, hadi mwalimu akaacha kuyaita.

Rejista ya mahudhurio ndiyo kitabu ambacho kamati ingekiomba kabla ya kitabu kingine chochote. Ifunguliwe siku ya gulio, halafu ilinganishwe na siku ya kawaida. Ifunguliwe mvua zinapoanza Oktoba na kila mkono unatakiwa shambani. Kwenye vijiji vya ziwani yatazamwe mahudhurio ya wavulana wakubwa dagaa wanapopatikana kwa wingi. Jina la mtoto asiyeonekana wiki tatu likisomwa kwenye kikao, karibu kila mara kuna mjumbe anayejua nyumba yake. Hapo ndipo kamati inapomzidi afisa yeyote wa halmashauri. Afisa anajua idadi, mjumbe anajua kwamba mama yake huyo mtoto yuko hospitali na yeye ndiye anayelea wadogo zake.

Darasa la saba pia ni mwisho wa safari, na kasoro nyingi zilianza darasa la kwanza na la pili kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto wengi wa Buhigwe au Kakonko wamelelewa kwa Kiha, na Kiswahili wanakutana nacho sawasawa mlangoni mwa shule. Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza, ulianzisha hapa Kigoma madarasa ya utayari kwa watoto ambao hawakupitia elimu ya awali, pamoja na UWW, Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, ambao unakutanisha wazazi na walimu wa kila darasa. Mradi uliisha, na sasa mkoa uko kwenye programu ya Shule Bora. UWW haichukui nafasi ya kamati. Kamati inasimamia shule nzima, UWW inaangalia darasa la mtoto wako. Mzazi anayeogopa vikao vikubwa aanzie huko, aulize tu kama mtoto wake wa darasa la pili anaweza kusoma aya moja na kueleza alichosoma.

Udhaifu wa kamati zetu mara nyingi huanzia kwenye uchaguzi. Wajumbe hutajwa haraka haraka mwishoni mwa kikao cha wazazi, wanapigiwa makofi, na wanachaguliwa wale wapole wasiouliza. Wanawake huwekwa ili wawepo, wakati wao ndio wanaojua nani hakwenda shule leo. Na mjumbe asiyejua kusoma vizuri taarifa ya mapato na matumizi anaona aibu kusema, basi anasaini. Mwalimu mkuu mwema atasoma taarifa kwa sauti, taratibu, kifungu kwa kifungu, na kusubiri maswali.

Ikishindikana ndani ya kamati, kijiji kina mlango mwingine. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, na hakuna kinachozuia taarifa ya shule kuwa ajenda: watoto walioandikishwa, wanaohudhuria, fedha iliyoingia, iliyotumika.

Jambo la mwisho linahusu shule shikizi, zile zinazojengwa vitongojini ili watoto wadogo wasitembee mbali. Fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021 zilijenga madarasa 3,000 ya shule hizi nchini. Shikizi iko chini ya shule mama, na watoto wake huhesabiwa kule, pamoja na ruzuku yao. Kitongoji chenye shikizi kihakikishe kina mjumbe wake kwenye kamati ya shule mama, anayejua idadi ya watoto wa kwao na anayeweza kuuliza ni chaki na madaftari mangapi vilivyovuka mto kuwafikia.