Bendera Kwenye Stempu: Rangi Ikipungua Si Lazima Kiwanda Kimekosea

Kauli ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa wateja wanaoniletea stempu hapa Mombasa ni kwamba stempu ya bendera ya Kenya iliyopungukiwa na rangi ni kosa la kiwandani, na kwamba kosa la kiwandani ni utajiri. Kauli hiyo imewafanya watu wakatae bei ya haki, wagombane na ndugu zao juu ya urithi wa mzee, na, baya zaidi, waharibu stempu nzuri kwa kujaribu kuzihifadhi. Nitaieleza kwa kirefu, kwa sababu kuieleza kwa ufupi hakujasaidia.

Tuanze na weupe, kwa kuwa ndio unaoleta mabishano zaidi. Mteja hunionyesha bendera na kusema kwamba mstari mweupe kati ya nyeusi na nyekundu "haukuchapwa". Weupe kwa kawaida hauchapwi kwenye stempu ya karatasi nyeupe, maana ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi. Bendera yetu imegawanywa kwa uwiano wa 6, 1, 6, 1 na 6: sehemu sita nyeusi, moja nyeupe, sita nyekundu, moja nyeupe, sita za kijani. Mchoraji akiipa kimo cha milimita 10 kwenye stempu, kila mstari mweupe hubaki na nusu milimita tu. Rangi nayo haishuki yote kwa mara moja. Kila wino una bamba lake, na karatasi hupitia bamba moja baada ya jingine. Nyekundu ikisogea juu kwa nusu milimita hiyo, mstari mweupe wa juu humezwa wote, na wa chini hunenepa maradufu. Basi kabla ya kufunga safari kuja kwangu, mtu na autazame mstari wa chini. Ukiwa mnene kupita kiasi, weupe wa mstari wa juu haukupotea, umehamia huko. Kusogea kwa rangi ni jambo la kawaida katika uchapaji. Mkusanyaji anaweza kukuongezea kidogo kwa kuwa stempu ya namna hiyo inapendeza katika albamu, lakini hatakulipa kama rangi iliyokosekana, wala hana sababu ya kufanya hivyo.

Nyekundu na kijani zina kisa kingine, nacho ni jua. Stempu nyingi za ofseti (uchapaji ambao wino hutoka kwenye bamba, hupita kwenye mpira, ndipo ufike kwenye karatasi) huchapwa kwa wino nne, ambapo nyekundu hupatikana kwa majenta (wekundu wa zambarau) juu ya manjano, na kijani kwa sayani (buluu ya kijani) juu ya manjano. Manjano yakififia, kijani huelekea kuwa buluu, na nyekundu huelekea kuwa waridi. Bahasha iliyotundikwa ukutani mkabala na dirisha la baharini hupitia mabadiliko haya bila mtu kuyaona, kwa sababu huja polepole, na siku ikishushwa kila mmoja huapa kwamba ilinunuliwa hivyo posta.

Kosa halisi hutokea wino mmoja usipoifikia karatasi kabisa, kwa mfano karatasi ikijikunja mtamboni au mbili zikipita pamoja. Hapo wino huo hukosekana kila mahali ulipotakiwa kuwapo. Nyekundu ya bendera ya Kenya haiko kwenye ukanda wa kati peke yake, iko pia kwenye ngao. Mtu akiniletea stempu ambayo ukanda wake umepauka ilhali ngao imeiva kwa wekundu, najua hilo halikutoka kiwandani. Ama sehemu moja ilifunikwa na nyingine ikaachwa juani, ama mtu ameichezea kwa dawa. Chukua kioo cha sonara kinachokuza mara 10, uchunguze ukingoni, kwenye nyuzi za karatasi zilizochanika kati ya vitobo. Ukiona nukta moja ya wekundu, mjadala umekwisha, kwa kuwa wakusanyaji duniani kote huhesabu rangi kuwa imekosekana pale tu isipobaki hata chembe. Nimewaambia hivi watu walioondoka wamenuna, na nitaendelea kuwaambia.

Uzee wa stempu si thamani. Senti 50 yenye bendera ya Kenya, iliyotolewa tarehe 12 Desemba 1963 katika seti moja na ile ya shilingi 10 yenye bandari yetu ya Mombasa, ilikuwa stempu ya barua za kila siku. Bei hupandishwa na uchache na hali ya kitu. Ikiwa bado imo kwenye bahasha yake, na muhuri wa posta unasomeka tarehe na mji, tafadhali usiibandue. Na muhuri huo kuangukia bendera si dharau kwa taifa; kazi yake ni kuzuia stempu isitumike mara ya pili.

Wapo wanaodai kwamba bendera ya Tanzania "imegeuzwa" kwa sababu ukanda mweusi unapanda kuelekea kushoto. Bendera ina pande mbili. Mlingoti ukichorwa kulia, tunaona upande wa nyuma, na ukanda unaoanzia chini penye mlingoti lazima upande kuelekea kushoto. Kwa Uganda, kagua korongo: hutakiwa kuutazama mlingoti, popote mlingoti ulipo.

Bendera ya rangi moja kwenye stempu za kale nayo si kasoro. Tangu karne ya 17 wachongaji wa bamba za kuchapia wana kanuni ya kuonyesha rangi kwa mistari: ya wima ni nyekundu, ya mlalo ni buluu, ya mshazari ni kijani, na inayokatana ni nyeusi. Rangi nyingi zilikuwa kazi ngumu hata kwa mataifa makubwa. Mwaka wa 1943 Marekani ilipoanza kutoa stempu za bendera za nchi zilizovamiwa vitani, uchapaji ulipewa kampuni binafsi, American Bank Note Company, kwa kuwa mitambo ya serikali haikuimudu kazi hiyo.

Lililobaki ni uhifadhi, na hapa nasisitiza. Usipeleke stempu kwenye duka la fotokopi ifunikwe kwa plastiki ya moto kama cheti cha shule: joto huyeyusha gundi, plastiki haitoki tena, na stempu haiuziki. Usiioshe ili kuitoa madoa ya kutu, maana baadhi ya wino za zamani huyeyuka majini. Pwani adui ni unyevu, kwa hiyo ziweke katika bahasha za karatasi kavu, zisimame wima bila kubanana, ndani ya kopo lenye vifuko vya kufyonza unyevu, mbali na ukuta wa nje, na vifuko hivyo vibadilishwe kabla ya mvua za masika.