Kabla hujaing'oa springi ya bapa kwenye Corvette

Kijana mmoja wa Unguja anayeishi Muscat alinitumia ujumbe wa sauti juzi kuhusu Corvette, gari la spoti la Kimarekani: "Assalaam aleikum, ami. Nimepata Corvette ya 2006, gia za mkono, nzima kabisa. Lakini nimeingia uvunguni nimekuta springi za lori! Nataka nizing'oe niweke koilova. Nianzie wapi?"

Waaleikum salaam, mwanangu. Koilova ni springi ya koili iliyovishwa juu ya shokapu, lakini wewe anzia kwa kuifahamu vizuri hiyo springi unayotaka kuitoa. Nakujibu hapa kwa kirefu kwa sababu swali lako naulizwa mara kwa mara, na wengi wanaoniuliza huwa wameshanunua vifaa.

Mimi ufundi nimejifunza Tanga, chini ya malori ya mkonge. Sasa ni mwaka wa 14 niko gereji hapa Bowling Green, Kentucky, mji ambao Corvette zinaundwa tangu 1981. Kwa hiyo springi za lori nazijua, na za Corvette nazijua, na nakuambia hazifanani ila kwa jina. Springi ya lori ni rundo la mabapa ya chuma yaliyofungwa pamoja, na ina kazi mbili: inabeba mzigo, na inaishika ekseli isikimbie. Ndiyo maana bapa kuu likikatika njiani lori linatembea upandeupande kama kaa. Ya kwenye gari lako ni kipande kimoja tu cha nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi ngumu, kimelala kukingama gari kutoka gurudumu la kushoto hadi la kulia. Kiko kimoja mbele na kimoja nyuma.

Springi ya kukingama iliingia nyuma ya Corvette mwaka 1963, kwenye Sting Ray, na wakati huo ilikuwa ya chuma. Mwaka 1981 baadhi ya magari yakapewa ya nyuzi za kioo, na uzito ukashuka kutoka karibu kilo 19 hadi chini ya kilo 4. Mwaka 1984 ya mbele nayo ikawa hivyo. Wakaendelea nayo hadi 2019, kizazi cha saba kilipokoma. Kizazi cha nane, chenye injini nyuma ya dereva, ndicho kilichokuja na springi za koili kote. Wahandisi wa Corvette hawakuwa wamelala muda wote huo. Springi hiyo ni nyepesi, haishiki kutu, na inakaa chini kabisa ya gari, mahali pazuri pa kuweka uzito wowote kwenye gari la mbio.

Tena haishiki gurudumu. Wishboni, yaani mikono ya juu na ya chini inayounganisha gurudumu na gari, ndizo zinazolishika, springi inabeba tu. Hapa watu huchanganya na magari mengine ya spoti kama Cobra za mwanzo, za 1962, ambazo springi ya kukingama ilikuwa pia inafanya kazi ya mkono wa juu wa gurudumu. Pale kubadili kulikuwa na maana kubwa, na wenyewe walibadili kiwandani: Cobra 427 ya 1965 ilitoka na koili pande zote nne. Kwenye Corvette yako sababu hiyo haipo. Mtu akikuambia utoe springi kwa kuwa ni ya kizamani, muulize gurudumu linashikwa na nini. Kama hajui, usimpe gari.

Sasa tufike kwenye jambo ninalotaka ulishike: fuata uzito. Uzito wa gari unapita wapi hadi kufika ardhini?

Kwenye gari lako sasa hivi unatoka kwenye fremu, unaingia kwenye springi kupitia vibano viwili vilivyofungwa kwenye krosimemba (boriti inayokingama chini ya gari), unakwenda hadi ncha za springi, na kila ncha inakalia wishboni ya chini karibu na boljointi, kiungo kinachoshika gurudumu kwenye wishboni. Shokapu haibebi gari. Kazi yake ni kuzuia springi isidundedunde. Kwa hiyo maunti za shokapu, yaani mahali inapofungwa juu na chini, zilitengenezwa kwa kazi hiyo ndogo. Ukifunga koilova, springi inazunguka shokapu, na maunti zilezile zinaanza kubeba gari zima. Corvette ya kizazi chako ina kilo kama 1,450, yaani zaidi ya kilo 360 kwa kila gurudumu ikiwa imesimama tu. Ukiingia shimoni kwa kasi, zidisha mara kadhaa.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Kulikuwa na gari nililolifungia koilova miaka ya nyuma, seti ya bei nafuu ambayo mwenye gari alikuja nayo mwenyewe. Nikafunga, nikakaza, akaondoka anacheka. Baada ya miezi michache akarudi, kuna mlio wa "tok" kila akipanda tuta. Nilipofungua maunti ya nyuma, tundu la boliti lililokuwa duara limeshakuwa na umbo la yai, na rangi pembeni yake imepasuka kama tope lililokauka. Boliti yenyewe ilikuwa imepinda kidogo sana, huioni mpaka uiviringishe juu ya kioo. Lile lilikuwa kosa langu. Nilikubali kufunga kifaa bila kukagua kama kimekuja na kikombe cha chuma cha kutawanya mzigo na boliti nene zaidi. Tangu siku hiyo nafungua boksi kwanza, nakagua, na kama maunti ni zilezile za kawaida narudisha boksi kwa mwenyewe. Na gari nililofunga nalikagua maunti tena baada ya kilomita 1,000.

Kuna kitu cha pili unakipoteza, na hiki wengi hawakijui. Chukua rula ya plastiki. Ibane kwa vidole sehemu mbili za katikati, mkono wa kushoto na wa kulia, usikaze sana. Mwambie mwenzako ainyanyue ncha moja. Utaona kati ya mikono yako inabonyea, na ncha ya pili inanyanyuka nayo. Springi yako inafanya vivyo hivyo. Gurudumu moja likipanda, la upande wa pili linavutwa juu, kwa hiyo gari linasita kulala upande kwenye kona. Ni kama una stebilaiza (ile fimbo inayozuia gari kulala kwenye kona) ya ziada uliyopewa bure. Springi za koili hazijuani. Kila moja na lake. Ukitoa bapa ukaacha stebilaiza ileile, gari linaweza kulala zaidi kuliko mwanzo, halafu mtu analaumu koilova. Inabidi uchague springi ngumu zaidi au stebilaiza nene zaidi, na mimi hupendelea kuanza na stebilaiza kwa gari la barabarani.

Kuhusu ugumu wa springi, usinunue kwa kusoma namba iliyoandikwa kwenye koili. Koilova inasimama ndani zaidi kwenye wishboni kuliko ncha ya bapa ilivyokuwa, na huko ndani mwendo ni mdogo. Tuseme gurudumu likipanda sentimita 10, koili inabonyea 7. Umepoteza kwenye mwendo, asilimia 70 tu ndiyo iliyofika. Halafu nguvu ya koili ikirudi hadi kwenye gurudumu inapungua tena kwa kiasi hichohicho. Kwa hiyo unazidisha 0.7 kwa 0.7, unapata 0.49. Springi ya pauni 500 kwa inchi (inataka pauni 500 ili ibonyee inchi moja), kama wanavyoziuza huku, kwenye gurudumu inakuwa kama pauni 245. Pima gari lako mwenyewe. Toa springi, nyanyua gurudumu kwa jeki sentimita tano, pima shokapu imejikunja kiasi gani. Dakika kumi tu, na zitakuokoa kununua springi mara mbili.

Kuitoa bapa ndipo watu wanapoumia. Ile springi imejipinda na inabeba gari. Ukifungua boljointi bila kuishika, inafyatuka. Gari likae kwenye stendi imara, jeki ya pili iwe chini ya ncha ya springi ikiiminya, ndipo ufungue, halafu uishushe jeki taratibu mpaka springi ilegee kabisa. Usiweke mkono wala uso kati ya ncha na wishboni. Na usiikwaruze kwa bisibisi au kwa meno ya jeki. Weka kipande cha mbao. Mkwaruzo mdogo unakata nyuzi, na ufa unaanzia hapo. Mwezi uliopita nilishusha moja ambayo mtu aliwahi kuiegemeza kwenye jeki kavukavu. Kwenye ukingo nyuzi zilikuwa zimesimama, nyeupe, zimechambuka kama mkonge uliotoka mashineni kabla ya kuanikwa. Nilisimama nikaiangalia kwa muda. Iliyo hivyo haifungwi tena kwenye gari lolote.

Faida ya kweli ya koilova, ile inayonifanya niipende, unaiona siku ya mizani. Unaweka mizani nne, moja chini ya kila tairi, sakafu iwe sawa kabisa, upepo wa tairi uwe sawa, linki za stebilaiza zimefunguliwa, na mifuko ya mchanga yenye uzito wako iko kwenye kiti cha dereva. Gari moja nililofunga mwaka huu lilisoma, kwa kilo, mbele kushoto 402, mbele kulia 371, nyuma kushoto 358, nyuma kulia 389. Jumlisha kimshazari: 791 upande mmoja, 729 wa pili. Gari kama hilo linakata kona ya upande mmoja vizuri na ya upande wa pili linakusukuma nje, na dereva anadhani hajui kuendesha. Nilizungusha ringi za koilova, zile zinazopandisha na kushusha springi, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, mbele kulia na nyuma kushoto zikapanda, zile nyingine zikashuka. Baada ya saa tatu nilipata 761 na 759. Kwa bapa unaweza kujaribu, maana ncha zake zina boliti za kurekebisha kimo, lakini ukigusa kushoto na kulia nako kunasogea, unakimbizana nayo siku nzima. Ukimaliza mizani ndipo uende alaimenti, maana kimo kikibadilika na uelekeo wa tairi umebadilika.

Sasa wewe, mwanangu. Kama shida yako ni gari kukaa juu, zungusha hizo boliti za ncha za springi, fanya alaimenti, umemaliza. Kama linadundadunda, gari la 2006 lenye shokapu za kiwandani linahitaji shokapu mpya kabla ya kitu kingine chochote. Angalia pia kama ni lile lenye shokapu za sumaku, zilizoingia kwenye Corvette mwaka 2003. Ukizitoa, dashibodi italalamika mpaka uweke kifaa cha kuidanganya, na umepoteza kitu kizuri sana. Lakini kama unaingia uwanja wa mbio kila mwezi na unataka kulipangia gari lako uzito na ugumu wa kila gurudumu, hapo koilova ni haki yako. Na kwa huko kwenu, mchanga na chumvi ya bahari vitakula meno ya skrubu ya ringi za koilova, kwa hiyo zioshe kwa maji matamu na brashi laini kila wiki mbili.

Nitumie picha ya maunti za nyuma, juu na chini, na kipimo cha shokapu nilichokueleza. Usilipie kitu mpaka nizione. Na bapa utakayoitoa, ikiwa haijakwaruzika, ifunge blanketi uilaze mahali pasipo jua. Usiitupe.