Je, baiskeli huharibu magoti?

Wengi huamini kwamba baiskeli humaliza magoti, na kwamba kiti kizuri ni kile kinachokuruhusu kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili ukiwa umekaa. Kwa kweli hilo la pili ndilo mara nyingi huzaa la kwanza.

Kiti kikiwa chini mno, goti hubaki limekunjika sana kila unaposukuma pedali, na pia ya goti, yaani kile kifupa cha mbele ya goti, hukandamizwa kwenye mfupa wa paja. Ukizungusha pedali mara 80 kwa dakika, hizo ni mara 4,800 kwa saa, kwa kila mguu! Goti litaachaje kuuma kwa mbele?

Mtaalamu wa fiziotherapia anayehudumia waendesha baiskeli hupima mkunjo wa goti pedali ikiwa chini kabisa. Kwa kawaida hulenga nyuzi 25 hadi 35. Maumivu yakiwa nyuma ya goti, hushuku kwamba kiti kimepanda mno. Hukisogeza milimita chache tu kwa wakati, mwili uzoee.

Tafadhali usiiache baiskeli kabla ya kupimwa. Hata wenye magoti yaliyosagika hushauriwa kuiendesha, kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mwili hubebwa na kiti.